Mahindi ya kuchachua Isiolo: gunia, gorogoro au pakiti?

Isiolo haijilishi mahindi. Ukiacha mashamba ya kumwagilia ya Kinna na Rapsu, na vipande vya Burat, hii ni kaunti ya mifugo, na punje nyingi zinazouzwa mjini zimeshushwa kwenye lori. Zinatoka Meru, mwendo wa kilomita 50 hivi. Zinatoka Timau na Kibirichia, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zikipita njia panda ya Subuiga. Soko likikauka huletwa kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu, na misimu mingine huvuka mpaka wa Ethiopia pale Moyale. Kwa hiyo bei unayotajiwa sokoni imeshabeba dizeli, makuli na faida ya mtu wa kati, pengine wawili. Hayo huna uwezo nayo. Uwezo wako uko kwenye kipimo unachonunulia, maji yaliyomo ndani ya punje, uamuzi wa kukoboa au kutokoboa, na muda ambao unga utakaa kabla ya kuliwa. Hapo ndipo pesa za jikoni zinapopotea, na wengi hawazioni zikipotea kwa sababu wanalinganisha bei ya gunia na bei ya pakiti basi.

Hesabu hii nimeipiga kwa niaba ya mtu anayechachua: mwenye sufuria ya uji unaolala usiku kucha, na mwenye bakuli la anjera linalofunikwa jioni ili asubuhi kikaango kiwe na kazi. Sababu ni kwamba kuchachua hakusamehe. Ugali wa moto wenye mchuzi wa mbuzi huficha unga uliovunda. Unga uliolala na maji saa ishirini hauna pa kujificha. Kila harufu ya ukungu, ya mafuta yaliyochacha vibaya au ya gunia lililokaa karibu na mafuta ya taa, itapanda juu.

Wapo pia wanaotafuta mahindi kwa ajili ya kitu kikali zaidi. Waliotazama video za Marekani huuliza kama wiski ya mahindi inaweza kutengenezwa nyumbani. Kule Kentucky, bourbon kwa sheria lazima itokane na mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 ni mahindi, na watengenezaji wengi hurudisha sehemu ya mabaki machachu ya mtungo uliotangulia ndani ya pipa jipya. James Crow, mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi Kentucky katika karne ya 19, ndiye anayesifiwa kwa kuuweka utaratibu huo kwenye vipimo. Mabaki hayo yana asidi, na asidi huwazuia bakteria waharibifu na kuifanya ladha ya leo ifanane na ya jana. Kwetu si jambo geni. Busaa huanza na unga wa mahindi uliokandwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa, ukakaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Chang'aa ni kukeneka tu kilichokwisha kuchachuka.

Lakini sheria iko wazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho, iliifuta ile iliyoharamisha chang'aa, ila haikumruhusu kila mtu kuwasha mtambo jikoni. Anayetengeneza lazima awe na leseni, na kinywaji kikali kiuzwe katika chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Gharama nyingine haipimwi kwa shilingi. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, wengi wao wakazi wa Mukuru kwa Njenga, kwa pombe iliyokuwa na methanoli. Februari 2024 Kirinyaga ilizika watu wasiopungua 17 kwa pombe yenye sumu. Anayetaka wiski ainunue dukani ikiwa na stempu ya ushuru. Mahindi tunayoyazungumzia hapa ni ya uji na anjera, ambayo hutumia ujanja uleule wa kubakisha chachu ya jana, bila mtambo na bila polisi.

Na Isiolo ina walimu wa ujanja huo ambao hawajawahi kugusa mahindi. Akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, wakiwemo wa kikundi cha Anolei ambao maziwa yao hufika hadi Eastleigh, wanajua susa, yaani maziwa hayo yakishachachuka, haitokei kwa bahati. Chombo hufukizwa moshi, maziwa hukaa hadi yachachuke, na wengi hubakisha kidogo kwa ajili ya mtungo unaofuata. Ukitaka kuelewa uji mchachu, kaulize kwao kabla ya kuuliza mahali pengine.

Sasa bei. Nitatumia bei za mfano, maana soko halikai mahali pamoja. Weka zako mahali pake na hesabu itakuwa ileile. Ili ujue jinsi bei zinavyoruka, Julai 2022 serikali iliishusha pakiti ya kilo 2 kutoka takriban shilingi 205 hadi 100 kwa ruzuku, na wiki chache baadaye ruzuku ikakatwa. Mwaka 2023 ikatangaza kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000 kupitia bodi ya nafaka, NCPB, sawa na shilingi 44 kwa kilo kabla mahindi hayajapanda lori la kwenda popote. Tuseme basi gunia hilo likifika Isiolo linauzwa 4,500. Kilo moja ni shilingi 50. Pakiti ya kilo 2 tuseme ni 150, yaani 75 kwa kilo. Mtu akiziona namba hizo mbili husema papo hapo: gunia lina faida ya shilingi 25 kwa kila kilo. Ngoja kwanza.

Hamali na bodaboda hadi Bulla Pesa au Kulamawe, weka 150. Ukipepeta na kuchagua, ukiondoa makapi, mawe, vipande vya gunzi na punje mbovu, utapoteza kilo 3 kwenye gunia zuri, na zaidi ya hapo kwenye gunia baya. Umebaki na kilo 87. Sasa uamuzi wenyewe: unasaga yote, au unakoboa kwanza?

Ukisaga yote bila kukoboa, na kisiagi kikitoza shilingi 5 kwa kilo, utalipa 435. Jumla ni 5,085, ugawe kwa kilo 87, unga umekugharimu shilingi 58 na senti kidogo kwa kilo. Hapo kweli gunia limeshinda pakiti.

Ukikoboa, mambo yanageuka. Tuseme kukoboa na kusaga ni shilingi 8 kwa kilo, yaani 696. Kinu cha kukoboa huondoa ganda na kiini, na robo ya uzito huondoka nayo. Kilo 87 zinakuwa kilo 65 za unga mweupe. Umetumia 5,346. Pumba kilo 22, ukimuuzia mwenye mbuzi kwa shilingi 20 kwa kilo, zinarudisha 440, na Isiolo wenye mbuzi hawatafutwi kwa tochi. Inabaki 4,906, ugawe kwa 65: shilingi 75 na nusu kwa kilo. Hiyo ni bei ya pakiti, tena umebeba gunia, umechagua mahindi, umepanga foleni kwenye kisiagi na umetafuta mnunuzi wa pumba. Anayenunua gunia ili ale unga mweupe anajilipa mshahara wa sifuri. Kama unga mweupe ndio unaopendwa nyumbani, nenda dukani ukachukue pakiti, uokoe Jumamosi yako.

Na pakiti ina jambo moja ambalo watu wa kisiagi hatupendi kulisikia. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wakubwa waongeze virutubisho kwenye unga wa mahindi, kama vitamini A, madini ya chuma na zinki. Unga wa kisiagi hauna nyongeza hizo. Una kiini na ganda lake, jambo ambalo ni jema, lakini mtoto mdogo anayelelewa kwa uji wa mahindi peke yake, hata uwe mtamu vipi, anahitaji mboga, maziwa, yai au dengu pembeni.

Gorogoro je? Ni kipimo cha watu wengi, na ndicho kinachodanganya kwa urahisi zaidi, kwa sababu ni mkebe, si mzani. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2 ukijazwa mahindi makavu hadi kilele hubeba kilo 2 hivi. Ukibonyezwa chini kwa ngumi, au ukikatwa mdomo na kukunjwa upya, hubeba pungufu. Geuza mkebe kabla ya kupimiwa. Mchuuzi mwaminifu hakasiriki.

"Mama, mahindi ya wapi haya?"

"Ya Timau, ndugu yangu. Shika uone."

Basi shika kweli. Tuseme gorogoro ni 120. Ikiwa kilo 2 kamili, kilo ni 60. Ikiwa kilo 1.8, kilo imeshakuwa karibu 67. Ongeza kusaga, shilingi 5, ongeza punje mbovu utakazotupa, na unakaribia bei ya pakiti bila kupata unga uliopimwa wala kuongezwa virutubisho. Faida ya gorogoro haiko kwenye bei. Iko kwenye kununua kidogo kidogo ukiona punje kwa macho yako, na kwa mtu wa mshahara wa siku hiyo si faida ndogo. Kati ya gorogoro na gunia kuna debe, la kilo 17 au 18, na kwa familia nyingi za mjini ndilo kipimo cha busara: lina bei ya karibu na ya gunia, na linasagwa lote likaliwa kabla halijaharibika.

Jambo ambalo halimo kwenye hesabu za watu wengi ni maji. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Mahindi yaliyovunwa mvua ikiwa mbioni na kupakiwa haraka yanaweza kufika mjini yakiwa na asilimia 18. Gunia la kilo 90 lenye unyevu huo, likianikwa hadi lifike 13.5, litabaki na kilo 85 na robo tu. Karibu kilo 5 ulizolipia zilikuwa maji. Kwa shilingi 50 kwa kilo, umenunua maji kwa shilingi 234, na maji hayo kwenye gunia lililofungwa ndiyo yanayoleta ukungu. Kwa hiyo gunia la bei ya chini miezi ya mavuno si lazima liwe la bei nafuu.

Kipimo cha unyevu hakihitaji mashine. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, mahindi yana unyevu wa asilimia 15 au zaidi. Ikitelemka yote chini, yamekauka. Wenye meno mazuri huuma punje: iliyokauka hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Na ukizamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia, penye joto katikati pana shida, hata kama juu kumepangwa punje za kuvutia.

Ukungu si suala la ladha tu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani zilipata wagonjwa 317 wa sumukuvu, na 125 kati yao wakafa, wengi kwa mahindi yaliyohifadhiwa mabichi nyumbani. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilizuia chapa tano za unga wa pakiti kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo hata pakiti si kinga kamili. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania ikitaja sumukuvu. Kiwango kinachokubalika ni mikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo moja ya mahindi, kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho. Kuchemsha hakuiondoi, na asiye na maabara asitegemee kwamba kuchachua kutamsaidia. Kinachosaidia sana jikoni ni kukausha vizuri na kuchagua.

Kuchagua ni kazi ya ungo, mwanga wa asubuhi na mtu asiye na haraka. Toa punje zilizobadilika rangi, za kijani kibichi cha ukungu, za waridi, zilizonyauka, zilizovunjika, na zile fukusi na dumuzi walizozitoboa hadi zikawa nyepesi. Zilizooza pale zilipokuwa zimeshikana na gunzi nazo ni za kutupwa. Usiziweke kwenye karai la kuku, wala usimpe mbuzi wa maziwa. Sumu hupita kwenye maziwa ikarudi mezani kwako. Zifukie. Inauma kutupa kitu ulichokilipia, lakini kilo mbili mbovu ukizisaga pamoja na themanini na tano nzuri huwezi tena kuzitoa.

Sasa aina za mahindi, kwa ufupi, maana hapa watu hupoteza pesa kwa ushauri wa mitandaoni. Mahindi meupe ya chakula ndiyo ya kununua. Punje ngumu, yenye kung'aa, husagika ikatoa chembechembe na uji wake una mwili. Punje laini yenye bonde kichwani hutoa unga mwingi na huchachuka upesi. Zote zinafaa. Ya njano Wakenya wengi huyakwepa tangu ukame wa 1984, yalipoletwa kama chakula cha msaada, na hadi leo wapo wanaoyaita ya mifugo. Kwa lishe hayana kosa, yana hata karotini ambayo meupe hayana, na ndiyo yanayojaza mapipa ya Kentucky. Ukiyapata makavu, safi na ya bei ya chini, yachachue. Uji wake una harufu tamu. Mgeni wako atauliza, basi.

Mahindi yaliyopasuliwa ya duka la chakula cha mifugo ni jambo lingine. Bei yake inavutia, lakini punje iliyopasuka mapema huharibika mapema, na haikuchaguliwa kwa ajili ya mtu. Achana nayo. Na mbegu ya dukani, ile yenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani, isiingie jikoni hata kwa bei ya bure. Rangi hiyo ni onyo kwamba imepakwa dawa ya wadudu au ukungu, na kuiosha hakuifanyi chakula. Muulize pia mchuuzi kama mahindi yamevurugwa na dawa ya unga ya kuhifadhia, na lini; dawa hizo zina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti.

Ukishanunua, saga kidogo kidogo. Unga usiokobolewa una kiini, na kiini kina mafuta. Kwenye joto la Isiolo, baada ya wiki kadhaa huanza kuwa na harufu ya mafuta ya zamani, na uchachu wa namna hiyo si tunaoutaka. Punje nzima, kavu, hukaa. Gunia lililobaki lihamishie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la nje, uufunge kwa kukaza tabaka moja moja. Wadudu wakikosa hewa hufa bila dawa. Bei ya mfuko mmoja ni ndogo kuliko hasara ya gorogoro chache za punje zilizobunguliwa, na mfuko usipotoboka unatumika tena.

Kisiagini, angalia aliyetangulia. Kilo ya kwanza kutoka kwenye mdomo wa mashine si yako, ni mabaki ya mwenzako, na kama alisaga chakula cha kuku utajua kesho asubuhi kwenye uji. Waombe watu wa kisiagi wapitishe punje zako chache kwanza, uzitupe kando. Mwambie msagaji unataka unga wa uji, si wa ugali, atabadilisha chekeche. Unga hutoka wa moto. Mfuko usiufunge mpaka upoe, la sivyo jasho lake litaulowanisha kutoka ndani. Ni jambo dogo, na ndilo linaloharibu unga wa watu wengi kabla haujafika nyumbani.

Kuchachua kwenyewe hakugharimu kitu zaidi ya maji na subira. Kikombe kimoja cha unga, vikombe viwili au vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi yawe vuguvugu, koroga mpaka pasiwe na madonge. Tia upawa wa uji mbichi wa mtungo uliopita, ule ambao haukupikwa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanabakisha uji uliokwisha pikwa, nao ulishaua kila kitu kilicho hai ndani yake. Bakisha kabla ya kuinjika. Funika kwa kitambaa safi, acha penye kivuli. Isiolo, ambako mchana hufika nyuzi 30, usiku mmoja na nusu ya siku vinatosha. Binamu yako wa Nanyuki, aliye juu zaidi na kwenye baridi, atasubiri zaidi. Ukiona viputo vidogo juu na harufu kali safi kama ya maziwa lala, pika, na upike hadi uchemke kweli, ukikoroga. Ukiona ukungu wa rangi juu, au harufu ya kuoza, mwaga wote pamoja na chachu yake, uanze upya. Kama huna chachu, mtungo wa kwanza utachukua siku mbili au tatu, na wa pili utakuwa bora.

Maji ya mfereji yenye klorini nyingi huichelewesha chachu. Kuyachemsha au kuyaacha wazi kwa saa kadhaa kunasaidia. Maji ya visima vyenye chumvi nayo huingiza ladha yake kwenye uji, kwa hiyo mtungi mmoja wa maji matamu kwa ajili ya uji si anasa.

Anjera ya Wasomali na Waborana wa mjini huongeza gharama kidogo, kwa sababu mahindi peke yake hukatika kwenye kikaango. Wengi huchanganya na ngano au mtama, hutia hamira kidogo na maji vuguvugu, na kuacha usiku. Asubuhi mchanganyiko huwa umepanda na kutoboka. Mimina katikati ya kikaango, zungusha kwa upawa kutoka ndani kwenda nje kama mistari ya konokono, funika, usigeuze. Upande mmoja unatosha. Ukitumia unga wa mahindi usiokobolewa badala ya ngano tupu, gharama ya sahani hushuka, lakini ukipita nusu itavunjika ukiikunja. Theluthi moja ya mahindi ndiyo nafasi salama.

Kwa uji, robo ya mtama au wimbi hubadilisha kila kitu: rangi, mwili na ladha ya uchachu. Wimbi ni ghali kuliko mahindi, lakini robo kwa robo haliumizi. Mtama unaotoka Tharaka ni wa bei ya chini zaidi, maana hulimwa kwa wingi huko na mwingi hununuliwa na viwanda vya bia. Muulize mchuuzi wa nafaka kabla hajakwambia hana.

Hukumu yangu basi ni hii. Familia ya watu sita inayotumia kilo moja na nusu ya unga kwa siku itamaliza kilo 87 kwa siku 58. Hiyo inunue gunia, mwezi wa mavuno ukifika na chumvi ikitelemka kwenye chupa, isikoboe, na isage debe moja moja. Familia ndogo inunue debe, au gorogoro kwa mchuuzi ambaye mkebe wake wameugeuza wakauona. Wapenzi wa unga mweupe wanunue pakiti bila aibu, na wakague tarehe na alama ya KEBS. Na ukiuziwa gunia bichi kwa jina la gunia kavu, lirudishe siku hiyohiyo, kwa mzani na chupa ya chumvi mkononi.